Wahadhiri wenzangu, hivi kazi hii bado mnaipenda?

Kalamu Nyekundu (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Haipiti miezi mingi bila mwanafunzi wa umahiri kunigongea mlango akiwa na dodoso la "kuridhika na kazi miongoni mwa wanataaluma". Maktaba zetu zimejaa tasnifu za namna hii. Zote zinauliza yale yale: mshahara, mazingira, uhusiano na bosi, nafasi ya kupanda cheo, weka alama ya vema kuanzia 1 hadi 5. Nami najaza, kwenye mshahara naweka 2, nakabidhi, tunaagana. Ukija kuisoma hiyo tasnifu, sura ya mwisho inapendekeza serikali iboreshe maslahi. Sawa, nani anakataa maslahi?

Leo nataka tuongee bila dodoso. Niko chuo cha umma (sitakitaja, msinitafute) tangu nikiwa TA (mkufunzi msaidizi, cheo cha chini kabisa), sasa ni mhadhiri, na msimamo wangu ni huu: wengi ninaowafahamu hawakuvunjwa moyo na udogo wa mshahara. Wamevunjwa na kusubiri. Kusubiri daraja, kusubiri barua, kusubiri barua iwe pesa, kusubiri malimbikizo. Mshahara tunaulalamikia kwa sababu una tarakimu. Kusubiri hakuna pa kukuwekea vema.

Nieleze kidogo kwa wasio wa huku. Ukitaka kutoka mhadhiri kwenda mhadhiri mwandamizi unahitaji muda kwenye cheo ulichonacho, machapisho yenye pointi za kutosha, na tathmini ya ufundishaji. Unakusanya vyote, unajaza fomu, idara inakaa, ndaki (idara kadhaa kwa pamoja) inakaa, kisha machapisho yanatumwa kwa wasomi wa nje ya chuo wayapime. Hapo ndipo mambo yanapolala. Profesa aliyetumiwa halipwi cha maana, ana tasnifu zake za kusoma, na hakuna anayemfukuzia. Akirudisha, kamati ya chuo nayo inakaa kwa ratiba yake. Hatimaye barua inatoka, umepandishwa kuanzia tarehe fulani. Wenzio wanakupongeza kwenye kundi la WhatsApp, mlangoni kinabandikwa kibao kipya. Mwezi unaisha, unaingia ESS (mfumo wa mtandaoni wa watumishi), unapakua salari slipu, unakuta PUTS (ngazi ya mshahara wa wahadhiri) ile ile ya zamani. Chuo kukupandisha ni jambo lake. Nafasi kuwemo kwenye ikama (orodha ya nafasi za kazi zilizoidhinishwa), bajeti kuruhusu na ofisi ya Utumishi serikalini kuidhinisha mabadiliko kwenye mfumo, hayo ni mambo mengine kabisa.

Namjua mwenzetu mmoja, mlangoni ni mwandamizi, benki ni mhadhiri. Amekaa hivyo mpaka ameanza kuandaa maombi ya uprofesa mshiriki. Mwanafunzi akimpelekea dodoso, atajaza kwamba haridhiki na mshahara, na takwimu zitatoka hivyo. Mimi nasema tatizo lake si hilo. Amefanya kazi, imekubalika kwamba ameifanya, na bado hakuna kilichobadilika.

Kuna Mmarekani, Frederick Herzberg, ambaye mwaka 1959 yeye na wenzake walitoa matokeo ya mahojiano na wahandisi na wahasibu 203 wa Pittsburgh. Waliwaomba wasimulie ni lini walijisikia vizuri mno kazini na ni lini vibaya mno. Yaliyowafurahisha: kufanikisha jambo, kutambuliwa, kazi yenyewe, kupewa dhamana, kusonga mbele. Yaliyowaudhi: sera za kampuni, usimamizi, mshahara, mazingira. Akahitimisha kwamba ukimwongezea mtu mshahara unamwondolea kero, lakini humpi raha ya kazi. Nadharia hii tunaifundisha mwaka wa kwanza, tukirudi ofisini tunaiacha darasani.

Karibuni. Matusi kaeni nayo.

---

Msomi Njaa

Mkuu, nakuheshimu, ila hii ni hoja ya mtu aliyeshiba.

Mimi ni TA. Ili nipate hii kazi nilitakiwa niwe na GPA isiyopungua 3.8 ya shahada ya kwanza, ndivyo TCU, tume ya vyuo vikuu, inavyotaka. Maana yake kwenye darasa letu mimi nilikuwa wa juu kabisa. Sasa wale niliokuwa nawafundisha usiku kuamkia UE (mtihani wa mwisho wa muhula), leo wako benki, wako TRA, wanapita na magari yao hapo Mlimani City mimi nimesimama kituoni.

Tuingie kwenye slipu yako hiyo hiyo. Bodi ya mikopo asilimia 15 ya mshahara wa msingi. PSSSF, mfuko wa pensheni, asilimia 5. Bima asilimia 3. Kodi ya serikali. Chama. Kinachobaki mwenye nyumba Changanyikeni anakitaka cha miezi sita kwa mkupuo. Na kule kijijini mama ameshatangaza mwanawe ni profesa, kwa hiyo kila msiba mchango wangu unasubiriwa kwa hamu. Halafu uniambie tatizo langu ni kutambuliwa? Natambulika sana mkuu, ndiyo shida yenyewe.

---

Kalamu Nyekundu

Hahaha, hapo mwisho umenimaliza. Nakubali kwa TA hesabu ni nyingine. Ila jiulize: ungekuwa na uhakika kwamba ukimaliza umahiri, mwaka huo huo unakuwa mhadhiri msaidizi na mshahara unabadilika, hali hii ungeivumilia au usingeivumilia?

---

Msomi Njaa

Ningeivumilia. Lakini uhakika huo sina, ndiyo maana nasaka kazi TANROADS, kwa watu wa barabara.

---

Dada Takwimu

Mleta mada, Herzberg ana kasoro inayojulikana tangu miaka ya sitini. Mtu ukimwuliza kilichomfurahisha, atajisifia mwenyewe: "nilifanikisha". Ukimwuliza kilichomuudhi, atawasukumia wengine: "sera, bosi, mshahara". Mwanasaikolojia Vroom alilisema hili mwaka 1964. Kwa hiyo zile orodha mbili huenda zinaonyesha tabia ya binadamu ya kujitetea kuliko zinavyoonyesha kazi. Usiwajengee watu nyumba juu yake.

Lakini hoja yako ya kusubiri naiunga mkono, na naiongezea kitu ambacho hamjakigusa, na sitashangaa ikiwa wanaume wa uzi huu hawajawahi kukiona. Kazi isiyo na pointi.

Kamati ya idara ikikaa, nani anaambiwa aandike kumbukumbu? Mimi. Mgeni akija kutoka chuo rafiki, nani anapanga chai na hoteli? Mimi. Mwanafunzi wa kike akipata shida hosteli, analetwa kwangu hata kama hayupo kwenye kozi yangu, "ongea naye wewe ni mama". Naongea naye, na ni kazi ya maana, pengine ya maana kuliko makala yoyote niliyochapisha. Sasa fungua fomu ya kupanda cheo unionyeshe kisanduku cha kazi hiyo. Hakuna. Kipo cha makala. Mwenzangu tuliyeajiriwa naye mwaka mmoja, muda huo alikuwa amefunga mlango anaandika makala. Amenipita daraja, na sina ugomvi naye, ni mtu mwema tu. Nikaenda uzazi, nikarudi, kaniacha mbali zaidi.

Kwa hiyo unaposema "kazi imefanyika na imekubalika", jua kuna kazi hapa haijawahi hata kuingizwa kwenye hesabu. Hiyo nayo dodoso haliiulizi, na nasema hivyo nikiwa mtu ninayeishi kwa kuchambua madodoso.

---

Sapu Haikosi

Mimi ni mwanafunzi, naomba niulize kwa unyenyekevu. Kama wahadhiri mnachukia kusubiri kiasi hiki, mbona matokeo ya testi ya wiki ya sita tunayapata tukiwa tumeshafanya UE?

---

Fundi Saa

Dogo amerusha jiwe gizani limempata mtu 😂

---

Kalamu Nyekundu

Dogo swali lako ni la haki, nitalijibu bila kujitetea sana.

Ngoja nikuonyeshe ilivyo. Kozi ya mwaka wa kwanza inayochukuliwa na programu nyingi kwa pamoja, darasa lina mamia. Mtihani ukiisha unasaini vitabu vya majibu kwa bunda, unahesabu mbele ya msimamizi, kikikosekana kimoja ni kesi. Unavipakia kwenye buti. Nyumbani unavipanga sakafuni kwa programu, elimu huku, sheria kule. Swali la kwanza unalisahihisha kwa wote kabla hujaenda la pili, la sivyo wa mwanzo utawabana na wa mwisho utawaachia. Ukifika kitabu cha mia na kitu unasoma "maendeleo ni mchakato" na hujui kama umeisoma sasa hivi au jana. Ukurasa wa juu unajaza maksi za kila swali kwenye jedwali, unajumlisha, unajumlisha tena. Kisha kuingiza kwenye mfumo, jina kwa jina, na mtandao ukikatika katikati unaanza kuhakiki upya. TA wangu ni mmoja na naye anasoma umahiri.

Sasa katika wiki hizo hizo, chuo kinataka makala. Kupanda cheo kunahesabu makala. Hakuna aliyewahi kupandishwa kwa kurudisha testi mapema. Kila mtu mwenye akili anafanya nini? Testi yako inasubiri. Si haki kwako, na ndivyo mfumo ulivyotupanga.

---

Wafula wa Webuye

Salamu kutoka Kenya, ndugu zangu. Mnapoongea juu ya kusubiri mimi nacheka tu, kwa maana sisi tumelifanya somo.

UASU, chama chetu cha wahadhiri, kilianza harakati mwaka 1993 na kusajiliwa kikasajiliwa 2003. Miaka kumi kupata cheti tu! Mkataba wa pamoja wa 2017 hadi 2021: pesa zake, bilioni 7.9 za Kenya, tulikuwa bado tunazidai mwaka 2025. Tukagoma tarehe 17 Septemba, tukarudi kazini tarehe 5 Novemba. Siku 49. Na makubaliano yenyewe ni kulipwa kwa awamu mbili, ya pili Julai 2026. Kuna wenzetu walistaafu wakisubiri, na kuna waliozikwa.

Na tofauti yetu na ninyi ni kwamba makato yetu yanakatwa vizuri kabisa. Slipu inaonyesha SACCO imekatwa. Ukienda SACCO kuomba mkopo, wanakwambia chuo hakijaleta. Mwenye kukosa mkopo ni wewe, na jina linaloandikwa kuwa mdaiwa sugu ni lako.

Lakini nitakwambia jambo moja, bwana Kalamu. Wakati wa mgomo, ile wiki ya kwanza, niliona watu wa idara yangu wamechangamka kuliko nilivyowaona kwa muda mrefu. Mshahara ulikuwa ule ule. Walikuwa wanafanya kitu pamoja na kinasikika. Sasa sijui Herzberg angekiweka wapi hicho.

---

Dada Takwimu

Kaka Wafula, pole sana. Hicho nakiamini zaidi ya madodoso yote. Huku kwetu mgomo wa namna hiyo siukumbuki. Tunanung'unika kwenye kundi la WhatsApp, kisha mtu anatuma picha ya maua na "Ijumaa Karimu".

---

Babu wa Tasnifu

Vijana, hamjambo. Nimestaafu, nasoma tu.

Chuo cha Dar es Salaam kilianza mwaka 1961 na wanafunzi 14, wote wa sheria, katika jengo la TANU pale Mtaa wa Lumumba. Sikuwepo, msinizeeshe kupita kiasi. Nilipoingia mimi tulikuwa tayari Mlimani, na mhadhiri alipewa nyumba ya chuo, tena yenye bustani. Darasa la semina ulimjua kila mwanafunzi kwa jina na kwa ubishi wake. Jioni mijadala Nkrumah Hall, hujui nani atasimama.

Msidhani lakini kwamba zamani ilikuwa peponi. Miaka ya themanini uchumi ulipoanguka, mshahara wa mhadhiri haukumaliza wiki. Ndipo tukafuga. Nyuma ya zile nyumba za bustani kulikuwa na mabanda ya kuku na ng'ombe wa maziwa, na mtu anayefundisha falsafa asubuhi jioni anapeleka trei za mayai. Wengine wakaenda Botswana, wakaenda Lesotho, wakaenda Swaziland. Hadi Azimio la Zanzibar la 1991 lilipoturuhusu rasmi kuwa na shughuli nyingine, sisi tulishakuwa nazo.

Na bado, nikilinganisha, wakati ule wa mayai nilikuwa naridhika kuliko miaka yangu ya mwisho kazini. Miaka ya mwisho nilikuwa na gari na posho za mradi. Nilichokuwa sina ni asubuhi yangu. Kila wiki fomu: mpango wa utendaji, tathmini ya utendaji, taarifa ya robo mwaka, ukaguzi wa ubora. Walikuja na OPRAS, mfumo wa kupima utendaji wa watumishi, nasikia sasa mna mwingine, PEPMIS. Nilikuwa natumia muda mwingi kueleza kwamba ninafundisha kuliko kufundisha.

---

Kalamu Nyekundu

Shikamoo mzee. Hilo la asubuhi nimelinakili mahali. PEPMIS ndiyo hiyo, unavunja kazi yako vipande, unaweka malengo, msimamizi anaidhinisha. Kwa karani wa masijala naielewa. Jaza sasa "kufikiri kuhusu sura ya tatu ya mwanafunzi wa uzamivu" uone itaingia kwenye kiashiria gani.

---

Babu wa Tasnifu

Marahaba. Andika "kusimamia". Ukiandika kufikiri watakuuliza ushahidi.

---

Mlinzi wa Lango

Mnaongea kama vyuo vyote ni vya umma. Mimi niko chuo binafsi. Sisi mshahara wetu unategemea udahili. Wanafunzi wakija wengi, Novemba tunalipwa. Wakija wachache, mkurugenzi anaitisha kikao na kutukumbusha kwamba ualimu ni wito.

Mwaka 2017 TCU ilipozuia vyuo 19 kudahili, watu waliona ni habari ya ubora wa elimu, na pengine ilikuwa hivyo kweli. Kwetu ilikuwa habari ya ada ya watoto. Mkataba wa mwaka mmoja mmoja, hakuna likizo ya utafiti, makala unaandika kwa hela yako. Mleta mada unalia mshahara haujabadilika? Mimi nalilia uingie.

Nikisikia mtu wa chuo cha umma anaumia kwa sababu kibao cha mlangoni na slipu havifanani, nasema Mungu nipe na mimi tatizo hilo.

---

Kalamu Nyekundu

Mkuu, hapo sina jibu la haraka. Kwenu kero inaanzia chini kuliko kwetu.

---

Fundi Saa

Mbona hakuna anayesema la uteuzi? Kipimo cha kuridhika kwa msomi wa Tanzania ni taarifa ya habari ya saa mbili usiku. Kabudi alitoka sheria pale Mlimani, Kitila Mkumbo elimu, Mkenda uchumi, wote wakaja kuwa mawaziri. Magufuli mwenyewe alichukua uzamivu wa kemia UDSM mwaka 2009. Sasa kila mwenye Dk. mbele ya jina lake simu haiweki mbali. Kazi inayoridhisha watu hawaisubirii simu ya kuitoroka.

---

Dada Takwimu

Wengine wanaitikia kwa sababu wanataka kuona jambo walilofundisha likitekelezwa, tuwe waungwana.

---

Fundi Saa

Dada, na lile gari la V8?

---

Dada Takwimu

Na V8.

---

Niliondoka

Jina langu linajieleza. Nilikuwa mhadhiri, nikaenda mradi wa afya uliokuwa unafadhiliwa na Wamarekani. Mshahara ulikuwa zaidi ya mara mbili na ulikuja siku ile ile kila mwezi. Kazi yenyewe ilikuwa ripoti, warsha, ripoti. Nilikumbuka darasa, hasa ile dakika ambayo mtu wa nyuma kabisa anauliza swali linalokufanya ufute ulichoandika ubaoni. Januari 2025 Marekani ikasimamisha misaada, mradi ukafa kwa barua pepe moja. Sasa nimeomba kurudi chuoni. Nimeambiwa nisubiri kibali cha ajira.

Kalamu Nyekundu, nimeona umecheka.

---

Msomi Njaa

Naomba niweke sawa jingine kabla uzi haujazama. Mei Mosi ya 2025 ilipotangazwa asilimia 35.1, mwenye nyumba wangu alisikia redioni. Hakusikia kwamba hicho ni kima cha chini, kutoka 370,000 kwenda 500,000 kuanzia Julai. Yeye alisikia thelathini na tano, akapandisha kodi. Nimejaribu kumfafanulia tofauti ya kima cha chini na ngazi za juu. Ananiambia, "mwalimu, wewe si ndiye msomi, hesabu ifanye mwenyewe."

Na mkiwa mnajadili kuridhika, kikokotoo cha mafao ya kustaafu kiko wapi? Mkupuo wa asilimia 33, kisha mwaka 2024 wakapandisha kuwa 40 kwa waliokuwa wakipata 50. Mtu wa miaka 58 ofisini hawazi makala, anawaza hiyo asilimia.

---

Babu wa Tasnifu

Ni kweli. Na maprofesa na waandamizi siku hizi wanaruhusiwa hadi 65, wengi wanabaki. Wanabaki kwa kupenda kazi, wanabaki pia kwa hesabu hiyo. Mwaka wangu wa mwisho nilikuwa na yote mawili.

---

Dada Takwimu

Jamani tusiishie kulia. Kuna jambo dogo ambalo halihitaji bajeti ya Hazina: chuo kiweke tarehe. Faili la kupanda cheo liwe na karatasi ya mbele inayoonyesha limetoka idara lini, limefika ndaki lini, limetumwa kwa msomaji wa nje lini, amekumbushwa lini, na mwenye faili aruhusiwe kuiona. Tunafuatilia mzigo kutoka Guangzhou hadi Kariakoo kwa simu, faili la jengo la utawala hatujui liko meza ya nani. Pesa ya Utumishi itachelewa, sawa, hiyo haiko mikononi mwa rasi wa ndaki. Lakini nusu ya kusubiri iko ndani ya geti letu wenyewe.

---

Kalamu Nyekundu

Dada, hii naibeba kama ilivyo kwenye mkutano ujao wa jumuiya ya wanataaluma. Nitaisoma kwa jina lako la humu, au niseme tu "mjumbe mmoja"?

---

Dada Takwimu

Mjumbe mmoja. Wakijua ni mimi wataniambia niandike kumbukumbu za kikao.

---

Msomi Njaa

Mkuu Kalamu, swali la mwisho. Nina makala ya kongamano, imo kwenye kitabu cha mada zilizowasilishwa. Ina pointi?

---

Kalamu Nyekundu

Inategemea kama ilipitiwa na wasomaji na kitabu kina mhariri na ISBN. Omba barua ya mhariri inayosema hivyo, iambatanishe mapema, usingoje kamati iiulize. Na hiyo TANROADS wakikuita, nenda kwenye usaili. Usikatae kwa ajili ya uzi wetu.